Picha Zisizo na Kitu Ndani

Hasira ilitangulia, furaha ikaja nyuma yake, na nitazieleza kwa mpangilio huo huo kwa sababu ndivyo zilivyonipata.

Nilikuwa nimeketi kando ya meza ya dada yangu mkubwa katika soko la Kikula, nikila karanga zake bila ruhusa. Kwetu Likasi dada mkubwa ni yaya, na yaya wangu ndiye aliyenilea tangu mama alipotutoka, kwa hiyo karanga zake nilizila kwa haki yote ya mtoto wa nyumbani ingawa ndevu zilikuwa zimeshaniota. Alizifunga katika karatasi alizonunua kwa uzito kutoka kwa mtu aliyebeba vitabu na majarida ya mwalimu mmoja Mzungu. Mwalimu huyo aliondoka mbio baada ya pilaji, yaani zile siku ambapo maduka ya mji yalivunjwa na kila mwenye mikono akabeba alichoweza. Yaya hakujua Kifaransa wala hakukihitaji. Karatasi nzuri, kwake, ilikuwa ile isiyopitisha mafuta.

Basi akachana ukurasa mmoja, akaukunja nusu, nami nikamshika mkono.

Kwenye ukurasa ule palikuwa na ukuta mweupe, na juu ya ukuta imetundikwa picha nyeupe. Simaanishi picha ya kitu cheupe, mbuzi mweupe au theluji. Nyeupe tu, kutoka pembe hadi pembe. Mbele yake wamesimama Wazungu watano wamevaa vizuri, mikono nyuma, vichwa vimeinama upande mmoja, kimya kama watu waliofika kilioni. Nikasoma maneno ya chini mara tatu. Yalisema kwamba watu waligombana sana juu ya kazi hii, wengine wakataka itupwe, na sasa imewekwa katika jumba kubwa na walinzi wanailinda.

Kichwa kikanipanda moto. Nikasimama, karanga zikamwagika. Mimi nimekaa miaka sita nachora vidole, kucha moja moja, magamba ya samaki moja moja, mpaka macho yananitoka machozi, halafu kuna mtu mahali fulani anapaka nyeupe, anakwenda kula, na anawekewa mlinzi.

"Kaa chini," yaya akaniambia, akiwaonyesha Wazungu wa ukurasani. "Unamwanga karanga juu ya bantu benye haukujua."

Niseme nilikuwa nani, ili hasira yangu isionekane ya kichaa. Nilikuwa mchoraji wa picha za salo, chumba kile cha mbele ambacho mgeni anaketishwa. Salo ya Katanga ilikuwa lazima iwe na picha, na picha yenyewe mara nyingi ilikuwa mamba muntu: nusu mwanamke, nusu samaki, nywele ndefu, saa ya dhahabu mkononi, nyoka kiunoni. Watu walisema analeta bahati na utajiri. Nyumba isiyo na mamba muntu ilionekana kama nyumba ambayo wenyewe bado hawajahamia. Nilimchora juu ya magunia ya unga, nikiyavuta kwenye fremu ya mbao na kuyapaka mchele uliopondwa ili yakaze, na niliweza kumaliza wanne kwa wiki.

Halafu watu wakaokoka. Sisemi ni vibaya, yaya mwenyewe aliokoka. Lakini katika nyumba za maombi wakaanza kufundisha kwamba mamba muntu ni mlango wa mashetani, kwamba njaa iliyoingia mjini iliingilia kwake, na kila Jumapili mchana ungeona moshi uani mwa mtu, kazi yangu ya siku mbili inaungua. Mama mmoja alionea huruma kitambaa, akaniletea mamba muntu wake nimfunike mkia. Nikamvika kitenge mpaka chini, kitenge kizuri kweli. Akarudi: nyoka bado yuko. Nyoka nikamgeuza mkanda. Akarudi tena: kwa nini huyu mwanamke amekaa ndani ya maji na kitenge kizuri namna hii? Nikafuta maji. Akarudi mara ya mwisho na mumewe, wakamtazama pamoja, na mume akasema sasa ndiyo mbaya kabisa, anaelea hewani, huyu ni mchawi.

Na Waislamu wa mtaa, watu waliotoka upande wa mashariki, hao tangu zamani hawakununua kwangu, maana hawatundiki sura ya mtu wala ya mnyama nyumbani. Kwa hiyo ukiondoa waliookoka, ukiondoa Waislamu, na ukiondoa wale ambao kiwanda cha madini cha mji kilikuwa kimeacha kuwalipa, nilibaki na wateja wa kuhesabu kwa kidole kimoja.

Mume wa yaya, shemeji yangu, alikuwa mtu wa kiwanda kama wengine, kisha akawa mtu wa shimo kama wengine. Alikwenda kuchimba Shinkolobwe, kwenye mgodi ambao serikali ilisema umefungwa na ambao watu waliingia kila siku. Alirudi nyumbani kila baada ya wiki mbili, Jumamosi, na kuondoka Jumapili. Na yaya alikuwa ameshaniambia, siku mbili tu kabla ya ukurasa ule mweupe, kwamba safari ijayo nitaondoka naye.

"Bwana yangu akirudia, utaenda naye," alisema. "Shiye hatuwezi kula magamba ya samaki ya rangi." Aliyasema hayo akiziangalia karanga, hakuniangalia mimi.

Sioni aibu: niliogopa. Mwezi uliotangulia mwenzake shemeji alirudishwa mjini amelazwa juu ya baiskeli mbili zilizofungwa pamoja, udongo bado uko masikioni. Nilimfahamu, nilikuwa nimemchorea mamba muntu. Tangu siku ile kila nikifumba macho niliona udongo tu. Nilikuwa na wiki mbili za kuonyesha kwamba brashi inaweza kulisha mtu, au brashi niiache na nikaingie chini ya ardhi.

Sasa hapo ndipo furaha iliponikuta, pale pale katikati ya soko, nikiokota karanga za watu. Nilikuwa nimepiga magoti, ukurasa umenikunjamana mkononi, na nikawaza: rangi gani unayo wewe nyumbani? Nilikuwa na kopo moja tu, la rangi nyekundu ya kuzuia kutu, ile ya kupakia vyuma, ambayo fundi mmoja alinipa nilipomwandikia kibao. Nyekundu peke yake haiwezi kumchora mwanamke, wala samaki, wala saa. Lakini inaweza kuchora nyekundu. Na ndani ya nyekundu hamna shetani wa kuchomwa. Hamna mtu, hamna mnyama. Hamna kiuno cha kufunikwa. Nilikuwa nimepata picha ambayo Kikula yote, aliyeokoka na Mwislamu, ingeweza kuitundika bila dhambi, na Ulaya walikuwa wamenitangulia kidogo tu.

Nilimwomba yaya kurasa zote za jarida lile. Alinipa kwa sharti nimletee nyingine za kufungia, nikamletea daftari zangu za shule.

Usiku na mchana nilizisoma, na nawaambia, dunia ni kubwa. Mmoja alipanda ngazi na kumwaga rangi chini kama mama anayemwaga maji ya kuoshea vyombo, akasema ndiyo hiyo. Mwingine alirundika mawe katikati ya chumba na watu wakalipa kuingia. Mwingine alifunika kiti kwa shuka na kamba, hakuna aliyeruhusiwa kukaa. Mwingine alichukua kisu akapasua kitambaa chake katikati, akaenda nacho kwenye maonyesho hivyo hivyo, na magazeti ya nchi yake yakapiga kelele mwezi mzima. Kila harakati, yaani kila kundi la wasanii, ilikuwa na jina refu, na kila jina lilikuwa na wafuasi waliowatukana wafuasi wa jina lililotangulia. Nikafikiri, hawa ni kama makanisa ya mtaani kwetu tu, wanagawanyika kila robo mwaka.

Nilizipeleka kurasa hizo kwa kinyozi aliyekuwa jirani ya kibanda changu cha kuchorea kando ya soko, ili nipate mtu wa kubishana naye. Hakunivunja moyo. Alisimamisha wembe juu ya kichwa cha mteja, akatazama ile nyeupe kwa makini.

"Juu ya nini unakasirika?" akaniuliza. "Muntu anakuya kwangu na nywele, naitosha yote, kichwa inabakia bila kintu, na ananilipa. Njo kazi yangu. Huyu naye anatosha yote." Kutosha, kwetu, ni kuondoa.

Sikuwahi kusikia sanaa ya kisasa ikitetewa vizuri kuliko hapo, na nimewahi kuwasikia maprofesa. Lakini alipofika kwenye rundo la mawe alicheka mpaka mteja akageuka na nusu ya nywele zake. Kwetu Likasi kuna vilima vya mabaki ya kiwanda vinavyoonekana kutoka kila mahali, watoto wanateleza juu yake. Kinyozi akasema basi na walete tikiti, sisi tumekaa ndani ya maonyesho tangu tumezaliwa.

Siku iliyofuata nilipaka gunia la kwanza. Nilivuta kitambaa mpaka kikalia kama ngoma, nikapaka nyekundu, nikaacha ikauke, nikapaka tena, mara nne, mpaka ikawa na kina, unaweza kutumbukiza macho ndani yake. Sikuwahi kuchora kitu haraka namna hiyo na kukiogopa namna hiyo. Nikaitundika mbele ya kibanda, nikavuta kiti, nikasubiri mapambano.

Hakukuwa na mapambano. Watu walipita, wakaona, wakanisifu kwa kuanza vizuri. Walidhani ni rangi ya chini. Mzee mmoja aliuliza nitachora nini juu yake, nikamwambia nimemaliza, akanipigapiga bega na kusema nisikate tamaa, rangi zitarudi siku moja. Siku ya tatu mwanamke mmoja alileta kiti akakaa, akasema anataka kuona mwanamke wa ndani akitoka. Nilimweleza kwa nusu saa kwamba hakuna anayetoka. Akasema anao muda.

Nilichora ya pili, na ya tatu. Zote nyekundu. Nilizipanga zikitazamana, na hapo ndipo uvumi ulipoanza kwamba nachora damu. Mwishoni mwa wiki ya kwanza pasta wa kikundi cha maombi cha mtaa wetu alifika, mtu mwembamba mwenye suti ya kahawia, na nyuma yake wamefuatana watu kama ishirini. Yaya aliacha meza yake akaja mbio, anafunga kitenge njiani, maana huyo alikuwa pasta wake.

"Ndugu," pasta akaniambia, "banasema uko unachora damu."

"Haiko damu, pasta. Ni rangi ya chuma."

"Na ndani yake muko nini?"

"Hamuna kintu."

"Hamuna kabisa?"

"Kabisa, pasta."

Akasogea mpaka pua ikakaribia kugusa. Akanusa. Akazunguka nyuma kuangalia kama kuna kitu kimefichwa, akakuta maandishi ya kiwanda cha unga, akayasoma yote. Kisha akaweka mkono juu ya gunia na kuomba kidogo, kwa tahadhari, akageuka kwa watu. Akasema hamna nyoka, hamna mwanamke uchi, hamna mamba muntu, na kitambaa hiki ni safi. Nilikuwa karibu kumkumbatia. Palepale nikamuuliza, kwa kuwa ni safi, kwa nini asinunue moja kwa ajili ya nyumba ya maombi? Akanitazama kwa upole mkubwa.

"Ndugu," akasema, "kama hamuna kintu, nitatundika nini?"

Watu wakaondoka wameridhika, nami nikabaki na picha tatu safi na tumbo tupu. Jioni yaya alinipakulia bukari, yaani ugali, na sehemu yangu nikaiona ni kubwa kuliko yake. Hilo liliniuma kuliko kama angenitukana.

Wiki ya pili ikaenda. Nitafupisha, kwa sababu ilikuwa wiki ya kutazama watu wakipita. Ikafika Jumamosi ya kurudi shemeji, na asubuhi ile nilikuwa na silaha moja tu iliyobaki: ukurasa wa yule aliyepasua kitambaa. Nilikuwa nimeuogopa tangu mwanzo. Gunia lilikuwa gunia, na mtu mwenye njaa haharibu kitu kizima. Lakini nilijiambia, ukienda kuingia shimoni kesho, angalau uingie ukiwa umekwenda mpaka mwisho wa wazo lako.

Nikachukua picha ya tatu, nikachukua kisu cha kukatia sabuni, nikakichoma juu na kukivuta mpaka chini. Kitambaa kilitoa sauti ndefu, midomo miwili ikafunguka taratibu, na ndani yake giza. Ilikuwa nzuri. Naapa ilikuwa nzuri, ilikuwa kitu cha kwanza katika maisha yangu nilichofanya bila kumfikiria mteja. Nikaiegemeza kwenye kibanda, nikachukua ndoo na kwenda kutafuta maji, ambayo miaka hiyo yalikuwa yanapatikana mtaa wa tatu kutoka kwetu, kwa foleni.

Nilirudi baada ya saa mbili. Yaya alikuwa amekaa kwenye kiti changu, picha imelala mapajani mwake, sindano ndefu mkononi, ulimi kwenye pembe ya mdomo. Alikuwa ameishona.

Lazima nieleze alivyoishona. Kabla ya karanga, yaya alikuwa akifanya kazi ya kufunga magunia ya makala, yaani makaa ya kupikia, kwa watu wanaoyaleta na baiskeli kutoka porini. Gunia la makala linajazwa kupita mdomo wake, linawekewa majani juu, halafu linafungwa kwa uzi unaopishana huku na huku kama wavu, na fundo kila unapopishana. Gunia lililofungwa na yaya liliweza kuanguka kutoka kwenye baiskeli na lisitoe kipande kimoja, na wabeba makala walimngojea yeye hata kama foleni ni ndefu. Sasa ndivyo alivyoufunga mpasuko wangu, kutoka juu mpaka chini, kwa uzi wa nailoni wa bluu, fundo baada ya fundo.

"Nani alikupasulia kazi yako?" akaniuliza kabla sijatua ndoo. "Nilimutafuta mu kila nyumba. Nilimutukana kinyozi bure."

Kinyozi, mlangoni pake, alinyoosha mikono kuonyesha kwamba kweli ametukanwa.

Hapo nikang'aka. Sifichi. Nilimwambia hakuna aliyenipasulia, nilipasua mwenyewe, ndiyo ilikuwa kazi yenyewe, na yeye kwa sindano yake ya makala ameiua. Nilimwambia haelewi kitu na hataelewa kitu. Nilisema kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye meza za samaki, na nilimsemea hivyo mwanamke aliyenifundisha kutembea. Yaya alisikiliza mpaka mwisho. Akachomeka sindano katika kitenge chake.

"Nilizania balikuumiza," akasema. "Njo juu ya ile nilishona."

Nilikuwa bado sijatua ndoo alipofika mzee mwenye duka la vyakula. Alikuwa Mwislamu, familia yake ilitoka Maniema, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha huko, kirefu na cha pole. Alikuwa amesikia kwamba kuna mchoraji anayechora picha zisizo na kitu ndani, na alitaka kuziona, kwa kuwa ukuta wa duka lake ulikuwa mtupu tangu ajenge.

Nikampangia zile mbili nyekundu. Akazitazama kwa adabu.

"Hizi bado sijazifahamu," akasema.

Kisha akaiona ile iliyokuwa mapajani mwa yaya. Aliomba isimamishwe, yaya akaisimamisha huku amegeuzia uso pembeni. Mzee akarudi hatua moja, mikono ikamwenda nyuma yenyewe, kichwa kikainama upande mmoja. Alisimama kama wale Wazungu watano, na mtu huyu hakuwahi kuona jarida lolote na hakuna aliyemfundisha kusimama hivyo.

"Duka langu lilipasuliwa namna hii," akasema baadaye. "Siku zile za pilaji. Waliondoka hata na mlango. Niliziba kwa mabati, na kila mteja akiingia mpaka leo anaona palipopasuka na palipozibwa." Akasogea, akapitisha kidole juu ya mafundo ya bluu, moja moja. "Hii naifahamu. Haina mtu, haina mnyama. Hii nitaitundika juu ya mizani. Ni kazi yako?"

Aliniuliza mimi. Yaya hakugeuka. Na nakiri kwamba neno ndiyo lilikuwa limeshafika kwenye meno. Jioni ile ile shemeji alikuwa anafika. Kama kazi ni yangu, basi brashi imelisha mtu, basi siendi. Kama kazi ni ya sindano ya makala, basi mimi ni kijana aliyeharibu magunia matatu kwa wiki mbili, na kesho asubuhi niko njiani kwenda Shinkolobwe. Nilimwangalia yaya shingoni, kwenye ule mfupa unaojitokeza anapoinama.

"Nyekundu ni yangu, mzee," nikasema. "Na kisu ni yangu. Lakini haukusimama mbele ya nyekundu, na haukusimama mbele ya kisu. Kazi ni ya yaya."

"Minye sikuchora kintu," yaya akasema haraka, kama mtu aliyesingiziwa. "Nilishona tu."

"Basi mama, nishonee nyingine tatu," mzee akamwambia. "Moja ya mdogo wangu Lubumbashi, mbili za hapa kwa jamaa. Yeye apasue, wewe ushone."

Siku zile hakuna aliyependa kupokea noti, maana thamani yake ilishuka kila siku, kwa hiyo alitulipa kwa vitu: mfuko wa unga, dumu la mafuta ya mawese, sabuni, na makopo mawili ya rangi, njano na bluu, yaliyokuwa yamekaa nyuma ya duka lake bila mnunuzi. Nilipoyaona makopo yale nilicheka peke yangu, sikuweza kujizuia, nilicheka mpaka kinyozi akacheka bila kujua sababu. Njano na bluu. Niliona mipasuko kumi kwa mara moja, mishono mia. Nilimweleza yaya njia nzima, unga kichwani, kwamba yeye sasa ni harakati, kwamba Ulaya mtu akipasua anaacha wazi na wanapigana juu yake, lakini hakuna aliyefikiria kushona, na kwamba lazima tuitafutie jina. Akaniambia nitazame mbele nisimwage unga.

Shemeji alifika jua likiwa bado juu ya paa. Alikuwa mtu mzuri, hilo niliseme. Alikohoa uani kwanza, mpaka kikohozi kikaisha, ndipo akaingia kutusalimia. Mkononi alikuwa na sururu ya pili na gunia jipya la katani, la kubebea mawe, amelikunja vizuri. Vyote viwili vilikuwa vyangu. Aliketi, akaona unga, akaona mafuta, akaelezwa. Aliitikia kila kitu kwa kichwa.

"Ni tatu," akasema mwisho.

"Ni tatu," nikasema.

"Na nyuma ya ile tatu?"

Aliulizia siku za baadaye, wala hakuuliza kwa ubaya. Nilitazama makopo yangu mawili. Furaha yote ya mchana ilinishuka miguuni. Niliwaona wote wawili wamechoka, sufuria moja, na mimi mwenye mabega mapana ninayezungumza juu ya harakati. Nikasema sawa, shemeji, tutaenda kesho, picha nitazipasua nikirudi. Nikanyoosha mkono kupokea gunia.

Yaya akalichukua kabla yangu. Akalifungua, akalinyoosha juu ya magoti, akapitisha kiganja juu ya katani kwa kulijaribu, upande huu na upande ule, kama anavyojaribu kitambaa sokoni kabla hajaanza kupatana bei. Akaligeuza ndani nje. Akatafuta mwanzo wa mshono kwenye pembe, akauinamia, akaukata uzi kwa meno, akaanza kuufumua.

"Mama," shemeji akasema, "ile ni ya kesho."

Yaya aliendelea kufumua. Uzi ulikuwa unatoka mrefu, anauzungusha kidoleni usipotee, mpaka gunia likaacha kuwa gunia likawa kitambaa kipana cha kuenea fremu nzima, kilichojaa mapaja yake na kufika chini. Alikuwa analia, ila mikono haikusimama.

"Shika huku," akaniambia. "Vuta."